Mpangaji wa Mji

Ofisini naitwa Madame. Nyumbani Kinama, mtaa wa kaskazini mwa Bujumbura, mama mwenye nyumba alikuwa akiniita mupangaji wangu, kwa sauti ya mtu anayetaja kitu chake kizuri. Wateja wake wa ndagala, wale dagaa wa ziwani, wakija, alinionyesha kwa kidevu huku mimi nimeinama uani nafua nguo: "Ule ni mupangaji wangu. Anatumika mu biro," yaani nafanya kazi ofisini. Nililipenda jina hilo kuliko lile la ofisini, ingawa sikumwambia.

Kiswahili nacho kina utani wake. Mpangaji ni mtu anayekaa katika nyumba ya mwenzake, na mpangaji ni mtu anayepanga mambo. Mimi ni wote wawili. Kazi yangu ni kupanga mji: watu wajenge wapi, barabara ipite wapi, wapi paachwe wazi kwa ajili ya maji, tena si kwa mwaka huu bali kwa miaka ambayo wengi wetu hatutaiona. Nikishaupanga mji kutwa nzima, jioni narudi kwenye vyumba viwili nilivyopanga kwa Mama. Kazi yenyewe tunaifanya kwa Kifaransa, na Kifaransa kina neno lake kwa kila mmoja wa watu hao wawili, kwa hiyo kwa muda mrefu hawakuwahi kukutana.

Walikutana siku mpango wetu uliporudishwa.

Tulikuwa tumeumaliza, tukaujalidi vizuri, tukaupeleka kwenye mapitio ya kanda. Huko wataalamu wa nchi jirani huusoma kabla haujapitishwa, kwa kuwa maji na barabara haviishii mpakani. Tuliupeleka kwa mbwembwe, hata vinywaji vilinunuliwa. Ukarudi na maoni mengi pembeni kuliko maandishi yenyewe. Walitaka muhtasari na maelezo ya ramani viandikwe pia kwa Kiswahili, ili nchi zote zisome kitu kimoja. Walitaka wakazi wa mitaa inayoguswa wasikilizwe hadharani. Zaidi ya yote walitaka ule ukanda wa kijani kando ya mto, upande wa kaskazini, usioruhusiwa nyumba, uwe na upana mmoja tangu mlimani hadi bondeni. Sisi tulikuwa tumeuchora mnene pale wanapokaa watu wasio na mtu, mwembamba pale wanapokaa watu wenye simu za wakubwa. Wale wageni hawakusema hivyo. Waliandika tu: "Sababu ya tofauti hii haijaelezwa."

Shefu, mkuu wa ofisi yetu, alinipa kazi yote ile ya marekebisho. Yeye ni mzee wa Mutanga Sud, mtaa wa watu wenye nafasi, mpole, karibu kustaafu, mtu wa kukufungulia mlango na kukuuliza habari za mafua yako. "Kiswahili ni cha kwako, Madame," aliniambia. Wenzangu wakatabasamu. Pale ofisini Kiswahili ni lugha ya kushindania bei ya nyanya. Anayekijua sana huonekana kama mtu aliyelelewa sokoni. Niliudhika, halafu nikafurahi kwa siri, maana kwa mara ya kwanza kile nilichotoka nacho nyumbani kilihitajika mezani.

Basi nikauchora ukanda upya. Nikaweka upana mmoja, nikaufuata mto kona kwa kona, na nilipofika Kinama mstari ukapita juu ya nyumba ya Mama na kuiacha ndani, kwenye kijani. Sikushangaa. Naujua mto ule. Wakati wa jua watoto wanauruka kwa mguu mmoja, lakini mvua zikikaza unang'ata kingo zake, na jikoni kwa Mama, ambapo zamani palikuwa na njia ya kupita mpaka kwa jirani, sasa ukitoka mlango wa nyuma unatazama korongo. Yeyote mwenye akili timamu angesema hapo watu wasikae. Mimi nilisema, kwa penseli yangu.

Nisifiche kwamba nilijiona mtu wa maana. Nilikuwa nimeiweka nyumba ninayolala mwenyewe ndani ya ukanda, na sikumnung'unikia mtu. Niliutazama mstari ule ulionyooka nikasema moyoni, hivi ndivyo kazi inavyotakiwa kufanywa. Mama sikumwambia. Nilijiambia kwamba si haki kumnong'oneza mmoja kabla ya wengine, watasikia wote siku ya mkutano. Nilikuwa naogopa tu, lakini woga wangu ulikuwa umevaa nguo nzuri.

Tangazo la mkutano niliandika mimi. "Mpangaji wa mji atawaeleza wananchi wa Kinama mpango mpya." Lilibandikwa kwenye mlango wa kanisa na kwenye nguzo karibu na stendi. Watu walilisoma wakacheka. Mpangaji wa mji mzima, walisema, huyo kodi yake anamlipa nani? Jirani mmoja aliniuliza kama ni kweli kuna mtu amepanga Bujumbura yote. Nilicheka pamoja nao na kueleza, na nilidhani mambo yamekwisha hapo.

Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa kanisa. Ramani kubwa iliyochapwa ilitoka ofisini moja kwa moja, imekunjwa kwenye bomba lake, na tuliibandika ukutani watu wakiwa tayari wameshakaa. Shefu hakuja, alikuwa na kikao kingine. Mama alikaa mstari wa mbele na kitenge chake cha Jumapili. Nilisimama nikajitambulisha. Nilisema mimi ndiye mpangaji, na kwamba ukanda huu wanaouona nimeuchora kwa mkono wangu mwenyewe, kwa upana mmoja, bila kumpendelea mtu. Nilisema kwa sauti ya juu. Naikumbuka sauti ile mpaka leo na natamani ingekuwa ya mtu mwingine.

Nilipomaliza, mwalimu mmoja wa shule ya msingi, anayekaa nyumba ya nne kutoka kwetu, aliinuka akaisogelea ramani. Aliweka kidole juu ya mstari kule mlimani akashuka nao polepole, kama anavyofanya na wanafunzi wake ubaoni. Alipofika mtaani kwetu kidole kikaenda pembeni, kikazunguka, kikarudi.

"Madame," akasema, "mustari inatoka huku, inakuja muzuri. Alafu apa inapinda. Inazunguka parseli moja, inarudi mu njia yake. Apa kuna nini?"

Nilisogea. Palikuwa na tumbo dogo kwenye mstari, limetuna kuelekea mtoni, na ndani ya tumbo hilo palikuwa na kiwanja kimoja cheupe, hakina kijani. Kiwanja cha Mama. Sikuwa nimekichora. Sikuwa nimekiona. Ramani ilitoka kwangu imenyooka, ikafika ukutani imepinda, na mimi nilikuwa nimetoka sasa hivi kusema ni mkono wangu.

"Ni kwa Mama wa ndagala," mtu akajibu kutoka katikati.

"Na we, Madame, unakaa wapi?" mwalimu akaniuliza. Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa anajua, maana kila asubuhi tunapishana njiani na kupeana habari.

"Kwa Mama," nikasema.

Halafu sauti ya mwanamke, nyuma kabisa, ikasema taratibu, kama anamweleza mtu aliyechelewa kuingia: "Si mliambiwa ni mupangaji? Amejipangia."

Walicheka wote. Hata mkuu wa mtaa, aliyekaa karibu yangu kwenye meza ya wakubwa, aliziba mdomo kwa karatasi. Ungekuwa utani juu ya mtu mwingine, ningecheka mimi wa kwanza, kwa sababu ulikuwa mtamu: neno moja tu, na ndani yake kuna mpangaji wa chumba, mpangaji wa mji, na mwizi. Nilifungua mdomo kusema kwamba mstari huu siujui. Nani angeamini? Nikasema ramani ina kosa, itarekebishwa, mkutano umeahirishwa. Nilikunja ramani vibaya ikapasuka pembeni.

Mama hakucheka. Alikuwa ameinua uso ananitazama, na macho yake yamejaa machozi.

Nilitembea nikizunguka mitaa ya nyuma ili nisikutane na watu. Nilipofika nyumbani nilikuta harufu ya mukeke wa kukaanga mpaka nje, samaki ambaye Mama hamgusi ila Krismasi. Alikuwa ameweka meza ndogo uani, na kiti kimoja, changu. Yeye alikuwa amesimama.

"Kaa, mutoto wangu," akasema.

Hajawahi kuniita mtoto wake. Tulikuwa tumeishi naye kwa adabu nzuri, kila mtu na mlango wake; nilimheshimu, alinitania, basi. Sasa alinishika mikono yote miwili. Mikono yake ni migumu na inanuka ndagala hata ikioshwa kwa limau. Aliniambia nyumba yake ya kwanza, ng'ambo, upande wa Uvira kule Kongo, aliikimbia kwa risasi. Ya pili, huku, aliikimbia kwa maji. Hii ya tatu aliijenga tofali kwa tofali kwa ndagala anazofuata ufukweni Ruziba alfajiri, na alipoona ile ramani ukutani, kijani kote mpaka kwa mwalimu, roho yake ilikufa, mpaka kidole kikazunguka.

"Sikujua unanipenda hivi," akasema.

"Mama, si mimi," nikamwambia. "Sikuchora mimi ule mstari. Kweli ya Mungu."

Alicheka kidogo, akanigonga bega. "Sawa. Si we. Nimesikia. Mi siwezi kukusema kwa mutu." Akanikonyeza.

Nikala. Ningefanya nini? Nilikula mukeke ule mpaka mfupa, na kila nikimeza niliona aibu mbili zinapigana: aibu ya kuchekwa na watu, ambayo sikuistahili, na aibu ya shukrani za Mama, ambayo pia sikuistahili. Ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Anayekucheka unaweza kumkasirikia. Anayekukaangia mukeke utamfanya nini?

Jumatatu nilimkuta Shefu ofisini kwake akikoroga chai. Sikumsalimia vizuri. Nikauliza nani amegusa mstari wangu. Hakushtuka. Aliweka kijiko chini, akajibu kwa Kiswahili chake cha taabu, akiniheshimu kwa lugha yangu.

"Ni mimi, Madame. Unakumbuka siku ile ya mvua, nilikupeleka kwako na gari? Niliona ile nyumba. Niliona na ule mama, alitoka na mwavuli kukupokea. Basi nilipofungua karte, nikaona umejiweka mu kijani bila kusema hata neno moja. Nikasema, apana, mutu anatumika hivi, sisi hatuwezi kumufanyia hata kitu kidogo?"

Alikuwa anasubiri nimshukuru. Naapa hapakuwa na hila usoni mwake. Angekuwa mla rushwa ningemrukia, na nina hasira za karibu, wenzangu wanajua. Lakini huyu alikuwa amenipa zawadi. Nilimwambia kilichotokea kanisani, nikamwambia na lile neno. Alirudia, "Amejipangia," akalitafakari, kisha uso ukamwanguka.

"Basi rudisha," akasema. "Ama uache. Wageni wa kanda watauliza, lakini tutapata la kusema; kuna mwamba pale, ama kuna nini. Mimi sitagusa tena. We mwenyewe chora."

Nilirudi mezani kwangu nikafungua ramani kwenye kompyuta. Mtu anayesoma haya akijua Kinama atajua kilichokuwa mikononi mwangu. Nyumba iliyo ndani ya kijani haibomolewi kesho. Lakini tangu siku mpango unapopitishwa mwenyewe hawezi kuongeza chumba, hawezi kupata hati, hapati wa kumuuzia, na siku moja atahamishiwa kiwanja kingine, ambacho katika mpango wetu kilikuwa bado sentensi tu. Mama hakuwa na umri wa kuanza nyumba ya nne. Upande mwingine palikuwa na mwalimu na majirani wote wa ukingo ule, wenye umri na watoto na matofali yao, ambao nao hawakuwa na Shefu wa kuwapindishia mstari. Na palikuwa na mto wenyewe, ambao hausomi ramani.

Hesabu hiyo nilikuwa nimeshaifanya kabla ya mkutano na jibu nilikuwa nalo. Mstari unyooke. Kilichonitesa ni kingine. Kidole changu kilipokuwa juu ya mashine, nilichokuwa nasikia si sauti ya mto wala ya haki. Nilikuwa nasikia kicheko. Nilitaka sana, nilitaka kama mtu mwenye kiu, kusimama tena katika ukumbi ule na mstari ulionyooka na kumwona yule mwanamke wa nyuma akikosa la kusema. Nikaunyoosha. Haikuchukua muda hata wa kupoza chai. Nilifurahi, na furaha hiyo ndiyo ninayoionea aibu kuliko yote.

Katika maelezo ya ramani nilipita kila mahali nilipoandika "mpangaji wa mji" nikafuta, nikaweka "maofisa wa mipango miji". Maneno mengi, mazito, hayana utani ndani yake.

Safari hii nilimwambia Mama kabla. Alikuwa ameketi juu ya kigoda uani akichambua ndagala, akitupa pembeni zilizovunjika. Nilichuchumaa mbele yake. Nilimweleza yote, kwamba ni Shefu aliyepinda na ni mimi niliyenyoosha, na kwamba nitampigania apewe kiwanja kizuri, karibu na barabara. Aliendelea kuchambua. Nilidhani hajasikia.

"Nani alikuomba?" akasema mwisho.

"Mama, haikuwa haki. Watu wote wanahama, sisi tunabaki? Wamecheka, wamesema nimejipangia."

"Wamecheka siku moja." Akainua macho. "Ungewaacha wacheke. Wangechoka."

Nilisema kuhusu mto, nilisema kuhusu ukuta wa jikoni, kwamba siku moja korongo litaingia ndani. Alisema korongo analijua, amelala nalo kabla sijaja mimi, na kwamba maji yakija yanakuja kwa wote, hayaji na mutu wa biro. Kisha akaniomba nisogee kidogo, nimemzibia mwanga.

Mkutano wa pili ulijaa kuliko wa kwanza, na safari hii Shefu alikuja. Mwalimu alikuja tena mbele na kidole chake. Kidole kilishuka kutoka mlimani, kikafika mtaani kwetu, kikapita juu ya kiwanja cha Mama bila kupinda, kikapita juu ya kiwanja chake mwenyewe, kikaendelea. Aligeuka akaniangalia. "Sasa iko sawa," akasema, akanipa mkono. Watu wakapiga makofi. Wakauliza maswali magumu kuhusu viwanja vipya, wakamkaba Shefu mpaka akatoa leso, na mimi walinisikiliza kama mtu wao. Yule mwanamke wa nyuma alinifuata mlangoni akaniambia nisimwekee kinyongo, alikuwa anatania tu. Nilimwambia hakuna shida. Jina langu lilikuwa limesafishwa, na nilijua limesafishwa na nyumba ya nani. Nilimtafuta Mama kwa macho. Kiti chake kilikuwa wazi.

Kesho yake asubuhi nilimkuta uani anaanika ndagala. Nikamwamkia.

"Bonjour, Madame," akajibu.

Nilidhani ni utani. Jioni ikawa Madame, na siku iliyofuata Madame. Chakula akipika zaidi ananiletea kama zamani, lakini anabisha hodi kwanza na kusimama nje ya mlango mpaka nitoke. Maji ya bomba yakija ananiachia nichote mbele yake. Nikitaka kumsaidia kugeuza ndagala ananinyang'anya ufagio kwa upole: "Acha Madame, utachafuka." Hajawahi kunitolea neno baya. Ofisini heshima hiyo hainiumi, maana huko ni kama koti, unavaa unavua. Nyumbani ilinikalia shingoni. Nilifikiria kuhama, nikaona nikihama nitakuwa nimeukimbia ukanda wangu mwenyewe nikimwachia yeye, kwa hiyo nikabaki, na kubaki pia kulikuwa aibu.

Wageni wa mapitio ya kanda walikuja wenyewe kuona. Kiongozi wao alikuwa mama wa makamo kutoka pwani, anayesema Kiswahili ambacho ukikisikia unataka kukaa chini. Alinisifu mbele ya Shefu kwa muhtasari wangu. Akasema ukanda sasa umenyooka na unajieleza, na kwamba angependa kuukanyaga kwa miguu. Shefu akaniangalia kwa fahari. Tukapanda magari mpaka Kinama, kisha tukafuata ukingo kwa miguu, yeye akiuliza, mimi nikieleza, mpaka njia ikatuingiza uani kwetu. Hakuna njia nyingine pale. Upande wa pili ni korongo.

Mama alikuwa amekaa na ungo wake. Alisimama, akajifuta mikono kwa kitenge, akawakaribisha wageni kwa Kiswahili chake. Mgeni alifurahi kupata mtu wa kuongea naye bila mkalimani. Alimshika mkono, akasifu usafi wa ua, akauliza habari za mto. Mama alijibu vizuri tu. Alimwonyesha ukuta wa jikoni na korongo, na hakulalamika.

"Na wewe mama," mgeni akamuuliza, "ndiye mwenye nyumba hii?"

Mama aliangalia nyumba yake, akaanzia kwenye bati, akashuka mpaka kwenye msingi.

"Apana," akasema. "Mi niko mupangaji tu. Mwenyewe ni ule." Akanionyesha kwa kidevu.

Wageni wote wakageuka. Yule mama wa pwani alitabasamu, akanishangaa kidogo kwa kuwa njia nzima sikuwa nimetaja nyumba yoyote kuwa yangu. Shefu alikuwa anatazama viatu vyake.

"Kumbe hapa ni kwako?" akaniuliza.

Kiswahili chote safi nilichoandika katika muhtasari ule kilinitoroka. Nikasema apana, kwa ulimi wa kwetu, na Mama akakaa chini akaendelea kuchambua ndagala zake.